Damu kwenye nepi: kisa cha kichanga na maziwa ya ng'ombe

## Kwa nini kisa hiki

Karibu kila wiki huja mama mwenye swali lilelile. Mtoto analia, anacheua, choo hakieleweki. Je, ni mzio wa maziwa? Mara nyingi jibu ni hapana. Kisa hiki nimekichagua kwa sababu mzio ulikuwepo kweli na tuliuthibitisha, lakini mama wa mtoto huyu aliteseka wiki nyingi kwa kujinyima vyakula ambavyo havikuwa na kosa lolote. Chanzo cha mateso hayo ni jambo ambalo mimi sikumwambia siku ya kwanza.

Familia imeridhia kisa chao kielezwe. Nimeondoa kila kinachoweza kuwatambulisha. Humu watakuwa Mama, Baba, Bibi (mama mzazi wa Mama) na Mtoto.

## Walikotoka

Mtoto ni wa kwanza kwao. Alizaliwa kwa wakati wake akiwa na kilo 3.1, akapewa sindano ya vitamini K, na akanyonya ndani ya saa ya kwanza. Baba alikuwa na pumu utotoni. Mama hana mzio wa chochote, na ni mtu wa maziwa hasa: kikombe asubuhi, mtindi mchana, kikombe kingine kabla ya kulala.

Wiki mbili za mwanzo zilikwenda vizuri. Wiki ya tatu choo kikaanza kuja na ute wa kuvutika kama ute wa yai bichi, na kilio kikaongezeka, hasa jioni. Bibi akasema ni chango, litapita. Siku ya 33 Mama alifungua nepi akakuta nyuzi mbili za damu katikati ya choo cha njano, kila moja ndefu kama ukucha wa kidole gumba. Aliniambia baadaye kwamba alikaa sakafuni na nepi mkononi, akashindwa hata kumwita mtu.

## Ushauri wa kwanza: laktosi

Mhudumu wa afya aliyemwona kwanza alimpima Mtoto, akakuta hana homa, akasema tumbo lake limeshindwa sukari ya maziwa, yaani laktosi. Mama aambiwe nini tena? Aache kunyonyesha siku tatu, na Mtoto apewe maziwa ya kopo yasiyo na laktosi.

Mama alitii. Siku ya pili damu ilikuwa imeongezeka, sasa ni vidoa kwenye nepi tatu kati ya tano. Maziwa yalimjaa kifuani mpaka yakawa magumu kama jiwe, akawa anakamua kwa mkono usiku huku analia. Siku hiyo hiyo, bila kumuuliza mtu, alimrudisha Mtoto kwenye ziwa.

Hapa pana mkanganyiko ninaokutana nao kila mara, na unastahili kuelezwa taratibu. Laktosi ni sukari. Mzio wa maziwa ni jambo la protini: kinga ya mwili wa mtoto inazipokea protini za maziwa ya ng'ombe, hasa kaseini na zile zilizomo kwenye wei (maji yanayojitenga maziwa yakiganda), kana kwamba ni adui. Ukiondoa sukari, protini zinabaki palepale. Isitoshe, maziwa ya mama yenyewe yamejaa laktosi, na mtoto anayezaliwa akiwa hawezi kabisa kuimeng'enya ni nadra mno. Kwa hiyo kopo lile lilimpa Mtoto kile hasa kilichokuwa kinamuumiza, tena kwa wingi. Protini ya ng'ombe inayopita kutoka kwa chakula cha mama hadi kwenye ziwa ni chembe ndogo sana. Kwenye chupa ya maziwa ya kopo ya kawaida, protini hiyo ndiyo mlo wenyewe, na kiasi chake ni mara maelfu zaidi.

Tukio hili lilimwumiza Mama, lakini kwetu lilikuwa dalili. Dozi kubwa, damu zaidi.

## Siku walipokuja kwangu

Mtoto alikuwa na wiki sita. Kabla ya kutaja mzio, tulitafuta mambo mengine yanayoleta damu kwenye choo cha kichanga, kwa sababu baadhi yake hayasubiri. Daktari tunayefanya naye kazi alimpima tumbo: laini, halijavimba. Hakuna homa (kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, joto la nyuzi 38 au zaidi ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo). Matapishi hayakuwa ya kijani. Njia ya haja kubwa haikuwa na mpasuko. Choo hakikuwa kama jeli nyekundu iliyokolea, ambayo ingetufanya tuogope utumbo uliojikunja na kuingia ndani ya utumbo mwingine. Vitamini K alipata. Nilimwomba Mama niangalie chuchu pia, maana chuchu zilizopasuka hutoa damu, mtoto akaimeza, na damu hiyo ikatokea upande wa pili. Zake zilikuwa nzima.

Mtoto mwenyewe alikuwa mchangamfu, anatabasamu, amefika kilo 4.4. Mashavuni alikuwa na mabaka makavu, ukurutu wa mwanzo. Mama alikuwa na picha za nepi kumi na moja kwenye simu, kila moja na tarehe yake. Sikumwomba, alikuwa ameanza mwenyewe kwa hofu ya kutoaminiwa. Picha zile zilinisaidia kuliko swali lolote nililouliza.

Kwa hiyo tulikuwa na mtoto anayekua vizuri, mwenye ute na nyuzi za damu, bila vipele vya ghafla, bila kuvimba midomo, bila kutapika mfululizo, bila kukohoa wala kukoroma kifua. Sura hiyo inaendana na aina ya mzio inayochelewa, ile inayowasha sehemu ya mwisho ya utumbo mkubwa. Dalili zake hujitokeza saa kadhaa hadi siku mbili au tatu baada ya protini kuingia. Aina nyingine, ya haraka, huonekana ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Hizi mbili zinafuata njia tofauti mwilini, na kila uamuzi tulioufanya baadaye ulisimama juu ya tofauti hiyo.

## Tulichoamua, na sababu zake

Baba aliuliza kwa nini hatumpimi damu. Swali zuri. Kipimo cha damu na kile cha kuchoma ngozi hutafuta kingamwili za aina ya haraka. Kwa aina inayochelewa, vipimo hivyo vinaweza kutoka safi ilhali mtoto ana mzio, na familia ikarudi nyumbani na faraja ya uongo. Kupima damu iliyojificha kwenye choo nako hakusaidii, kwa kuwa watoto wengi wazima nao huonyesha chembe. Kipimo cha aina hii ni chakula chenyewe: ondoa, tazama, kisha rudisha, tazama tena.

Tuliamua Mama aendelee kunyonyesha bila kukatiza, aache maziwa ya ng'ombe na vyote vinavyotokana nayo, na asiguse kitu kingine chochote kwenye chakula chake. Nilimwandikia kalisiamu, jumla miligramu 1,000 kwa siku, pamoja na vitamini D mikrogramu 10, kwa sababu mama anayenyonyesha akiacha maziwa, mwili wake hautaacha kutoa madini kwa ajili ya mtoto. Nikamwomba aweke daftari lenye safu tatu: alichokula, nepi za siku hiyo, na muda wa kilio.

Bibi alikuwa ameketi pembeni, kimya muda wote. Mwisho akasema, "Mwanangu, mimi nilishawaambia wampe ya mbuzi." Nilimweleza, kwa heshima anayostahili mtu aliyelea watoto kabla sijazaliwa, kwamba protini za maziwa ya mbuzi na ya ng'ombe ni ndugu wa karibu mno, na idadi kubwa kabisa ya watoto wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe huyakataa na ya mbuzi. Akatikisa kichwa. Hakuridhika siku hiyo, lakini hakumpa.

Nikamwambia Mama arudi akiona hali haibadiliki. Sentensi hiyo fupi ndiyo kosa langu, na nitairudia mbele.

## Wiki tano za daftari

Daftari lenyewe ninalo nakala yake. Siku ya kwanza ya kuacha maziwa: "Damu nepi 2. Kilio saa 3 na nusu." Siku ya nne: "Damu kidogo sana, nepi 1." Siku ya nane: "HAKUNA," kwa herufi kubwa, imepigiwa mstari mara mbili.

Mama alidhani amemaliza. Siku ya kumi na tano akaandika: "Damu tena. Sijala maziwa. Naapa."

Hapo alianza kutafuta majibu kwenye simu usiku wa manane, na majibu ya saa hizo ni mengi. Alisoma kwamba soya nayo ina lawama. Akaiacha. Siku iliyofuata mayai, kisha ngano, kisha samaki na karanga. Kufikia siku ya ishirini na mbili alikuwa anaishi kwa wali, viazi, nyama ya kuchemsha na mboga mbili. Na siku hiyo damu ikakoma. Kwa akili yoyote ya kawaida jambo lilikuwa wazi: mojawapo ya vile vitano, au vyote, vilikuwa sumu kwa mwanawe. Basi akabaki hapo. Hakunipigia, kwa sababu nilimwambia arudi hali *isipobadilika*, nayo ilikuwa imebadilika.

Walirudi Mtoto akiwa na wiki kumi na moja, kwa chanjo. Mtoto kilo 5.5, mnene, anacheka na kila mtu. Mama alikuwa amepungua kilo sita ndani ya wiki tano. Nilimuuliza, "Wewe mwenyewe unaendeleaje?" Akajibu, "Dada, naogopa kila kinachoingia mdomoni mwangu." Alisema maziwa yake yanapungua, na nywele zinabaki mkononi akichana. Tena alikuwa anasimama jikoni nje ya saa za kula akitazama sufuria za wengine, kisha anarudi chumbani.

Tulifungua daftari pale mezani, ukurasa kwa ukurasa. Safu ya chakula ilikuwa na neno jipya kuanzia siku ya kumi na mbili: "biskuti 6." Siku ya kumi na tatu, biskuti 6. Kila usiku biskuti sita, hadi siku ya kumi na saba, alipoacha ngano. Nikamuuliza biskuti hizo zilitoka wapi. Wifi yake alimletea kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, ale usiku wakati wa kunyonyesha, "za ngano tupu". Pakiti hakuiona. Baba akampigia dada yake papo hapo, na dakika chache baadaye picha ya pakiti ikaingia kwenye simu. Tuliivuta ikawa kubwa. Kati ya sukari na chumvi, kwa herufi ndogo kuliko punje ya ufuta, ilikuwa imeandikwa: unga wa maziwa yasiyo na mafuta, na unga wa wei.

Mama aliiangalia kwa muda mrefu. Akasema polepole, "Kwa hiyo niliacha ngano, nikaacha biskuti. Niliacha biskuti, nikaacha maziwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Alifikiri vizuri kabisa kwa taarifa alizokuwa nazo. Vitu viwili viliondoka kwenye sahani kwa pamoja, na kimoja hakikuonekana.

## Kurudisha vyakula

Tulianza na vile ambavyo havikuwa na sababu ya kushukiwa. Ngano kwanza, mkate ambao viambato vyake tulivisoma pamoja. Siku tatu kwa kila chakula, kwa kuwa dalili zinazochelewa zinaweza kuchukua hadi siku tatu kujitokeza. Tukiharakisha tungerudi kwenye tope lilelile. Ngano ikapita safi. Mayai safi, samaki safi, karanga safi, na soya pia. Ilituchukua zaidi ya wiki mbili, na kila ukurasa wa daftari ulikuwa na alama ndogo ya tiki pembeni.

Kisha nikasema maneno ambayo hakuna aliyetaka kuyasikia: sasa tunarudisha maziwa.

Baba alikataa moja kwa moja. Bibi, ambaye miezi miwili nyuma alikuwa upande wa mbuzi, sasa alikuwa ndiye mlinzi wa jiko. Alisoma kila pakiti iliyoingia nyumbani na kutenga kijiko na sufuria ya Mama. Aliniambia, "Mtoto amepona, mwanangu. Unamchokoza wa nini?" Nilimwelewa. Mtu aliyeona damu kwenye nepi ya mjukuu wake hana haja ya kuiona tena ili kunifurahisha mimi.

Nilichowaeleza ni hiki. Mtoto amekuwa mzuri, lakini watoto wengi wenye nyuzi chache za damu huwa wazuri wenyewe kadiri wiki zinavyokwenda, hata mama asipoacha kitu. Tukikaa bila kurudisha, hatutajua kama ni maziwa au ni muda. Na kutokujua kutamfuata Mama mpaka mwaka wa pili wa kunyonyesha, na kumfuata Mtoto kwenye kila sahani ya kwanza. Kurudisha huku kungefanyika kupitia ziwa, kwa chembe, kwa mtoto ambaye hajawahi kuwa na dalili ya haraka hata mara moja. Kama angewahi kuvimba uso, kupata vipele vya kuwasha dakika chache baada ya chupa, kutapika mfululizo hadi kulegea na kupauka, au kuwa na ukurutu mkali, nisingethubutu kulisema jambo hili nje ya hospitali.

Mama ndiye aliyeamua. Alisema, "Nataka kujua. Siwezi kuishi kwa kudhani."

Mtoto akiwa na wiki kumi na nne na kilo 6.1, Mama alikunywa kikombe kimoja cha maziwa asubuhi. Tulipanga aendelee hadi wiki nzima, ila aache mara dalili ikionekana. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu, na Baba akatuma ujumbe wenye matumaini. Siku ya tatu ute ukarudi. Siku ya nne asubuhi, uzi mmoja wa damu. Akaacha. Baada ya siku tano choo kikawa safi.

Sasa tulikuwa na jina la ugonjwa, na orodha ya vyakula vya kuacha yenye kitu kimoja.

## Ilivyoishia

Mama aliendelea kunyonyesha bila maziwa ya ng'ombe na akala vingine vyote. Kilo zilirudi taratibu. Maziwa nayo yaliongezeka, ingawa nadhani kulala na kutokuogopa vilisaidia kama chakula kilivyosaidia. Aliporudi kazini alikamua. Tulikuwa tumejiandaa na maziwa maalumu ya kopo ambayo protini yake imekatwakatwa vipande vidogo sana mpaka kinga ya watoto wengi haiitambui. Mtoto aliyaonja mara moja, akakunja uso kwa uchungu wake, na hayakuhitajika tena.

Miezi sita ilipotimia alianza kula, pamoja na mayai, ngano, samaki na karanga iliyosagwa laini, bila kucheleweshwa. Kilichokatazwa kilikuwa maziwa tu.

Alipofika miezi kumi tukaanza kupanda ngazi. Maziwa yaliyookwa ndani ya unga kwa moto mkali muda mrefu hubadilika umbo, na watoto wengi huyavumilia kabla ya kuvumilia maziwa yenyewe. Hivyo unaanza na kipande kidogo cha biskuti yenye maziwa, unakwenda kwenye keki ndogo, kisha chapati za maji zilizochanganywa maziwa, jibini, mtindi, na mwisho maziwa ya kikombe. Kwenye chapati choo kikalegea na ute kurudi. Tukashuka ngazi moja, tukakaa hapo wiki kadhaa, tukajaribu tena na ikapita. Miezi kumi na minne Mtoto alikuwa anakunywa maziwa ya ng'ombe kwenye kikombe chake. Bibi alinitumia picha.

## Kilichofanya kazi

Kunyonyesha kulibaki. Kila njia nyingine ingekuwa ngumu zaidi, na siku zile mbili za kopo lisilo na laktosi zilionyesha jinsi mambo yanavyoweza kuharibika haraka.

Daftari lilikuwa zaidi ya kumbukumbu. Mama alikumbuka kwa uhakika kabisa kwamba hakula maziwa, na alikuwa mkweli. Bila neno "biskuti 6" lililoandikwa kwa kalamu yake mwenyewe usiku wa siku ya kumi na mbili, tungetoka pale tukiamini kwamba Mtoto ana mzio wa ngano, na huenda angekula chakula kisicho na ngano mpaka leo.

Na kurudisha maziwa kulitupa kitu ambacho sikukitarajia. Nilipoweka kurasa za siku zile nne za majaribio kando ya kurasa za wiki ya sita, niliona kwamba ute ulirudi na damu ilirudi, lakini kilio hakikurudi. Siku ya nne, siku ya uzi wa damu, safu ya kilio inasema "dakika 20, usingizi." Kwenye wiki ya sita ilikuwa saa tatu na nusu. Kilio cha vichanga hupanda kuanzia wiki za mwanzo, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, na hushuka kufikia miezi mitatu au minne, kwa watoto wenye mzio na wasio na mzio. Maziwa yalibeba lawama ya damu kwa haki. Lawama ya kilio tuliyabebesha tu, kwa sababu vyote viwili vilitokea nyumba moja wiki moja. Nafikiria familia zilizo na kilio peke yake, bila damu: zinaacha maziwa wiki ya sita, kilio kinapungua wiki ya tisa, na mama anaamini mpaka kesho kwamba maziwa yake yalikuwa yanamuumiza mwanawe.

## Kilichoshindikana

Laktosi nimeshaisema. Ninaongeza tu kwamba hakuna sababu ya kumwachisha kichanga ziwa kwa damu chache kwenye choo wakati anakua vizuri.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpa Mama mlango wa kuingilia bila wa kutokea. Nilimwambia aache, sikumwambia lini tutarudisha. Muda wa kuacha ili kutazama ni wiki mbili hadi nne. Baada ya hapo panatakiwa tarehe ya kurudisha. Ningeiandika tarehe hiyo kwenye daftari siku ya kwanza, asingefika wiki ya kumi na moja akiwa amebakiwa na vyakula vinne.

La pili, nilisema "vyote vinavyotokana na maziwa" kana kwamba neno hilo linajieleza. Mama aliacha maziwa, mtindi, siagi na jibini, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoonekana. Nilipaswa kumwandikia majina yanayojificha kwenye pakiti: kaseini, wei, unga wa maziwa, samli. Sasa hivi ninampa kila mama karatasi hiyo, na ninamwomba amwonyeshe kila mtu anayemletea chakula, kwa kuwa chakula cha mzazi mara nyingi hutoka kwenye mikono ya wengi.

La tatu linaniuma zaidi. Ziara ya kwanza nilimpima uzito Mtoto. Mama sikumpima. Nilimwekea masharti ya chakula mtu aliyetoka kujifungua wiki sita zilizopita, asiyelala, mwenye hofu, na sikuwa na hata namba ya kulinganisha aliporudi. Zile kilo sita alizijua yeye kwa mizani ya nyumbani. Sikumuuliza pia anajisikiaje moyoni. Siku hizi ninawapima wote wawili, na ninapiga simu siku ya kumi bila kusubiri kuitwa.

Bado kuna uamuzi mmoja ninaoufikiria upya. Mtoto anayekua vizuri, mwenye nyuzi chache za damu na hakuna dalili nyingine ya hatari, anaweza pia kufuatiliwa wiki mbili hadi nne bila mama kuacha chochote, maana baadhi yao damu hukoma yenyewe. Siku ile sikuliweka chaguo hilo mezani. Damu ilikuwa inaongezeka baada ya kopo, na kila mtu chumbani, mimi nikiwemo, alitaka kufanya kitu. Nilipomuuliza Mama miezi mingi baadaye kama angelichagua, alifikiri kidogo akasema, "Hapana, Dada, nisingeweza kukaa tu. Lakini ungeniambia lipo."